Mtihani wa SAT Umebadili Sura, Mazoezi Nayo Je?

Tangu Machi 2023, mtahiniwa anayefanyia hapa Nairobi SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, hapewi tena kijitabu cha maswali wala karatasi ya majibu. Anafungua kipakatalishi, anaingia kwenye programu iitwayo Bluebook, na kuanzia hapo kila kitu, iwe saa, iwe kikokotoo, iwe orodha ya kanuni za hisabati, kimo ndani ya skrini hiyo hiyo. Marekani kwenyewe mabadiliko hayo yalifika mwaka mmoja baadaye, Machi 2024, kwa hivyo sisi wa nje ndio tuliotangulia kuyaonja. College Board, shirika linalomiliki mtihani huo, lilikuwa limetangaza mpango wake Januari 2022, na katika tangazo hilo watu wengi waliokota habari moja tu, kwamba mtihani utakuwa mfupi. Ni kweli umefupika: ule wa karatasi ulikuwa na maswali 154 ya saa 3, na wa sasa una maswali 98 ya saa 2 na dakika 14. Hata hivyo, mimi ninayekaa na vijana wa mtihani huu kila Jumamosi naona urefu ni jambo dogo. Kinachowasumbua ni mpangilio: swali linakaa wapi, jicho linaanzia wapi, mkono unaandika wapi, na ni lini mtu anaruhusiwa kurudi nyuma. Mpangilio huo ni sehemu ya mtihani, nao unahitaji mazoezi yake wenyewe, tofauti na mazoezi ya kujua hisabati au kujua Kiingereza.

Wengi wa vijana hao wamemaliza Kidato cha Nne, na wanatafuta ufadhili wa masomo Marekani. Baada ya janga la korona vyuo vingi vya huko viliacha kudai SAT, ikaonekana kana kwamba mtihani wenyewe ungezikwa polepole. Kisha MIT ikaurudisha Machi 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech, ingawa Yale inakubali pia mitihani mingine badala ya huo. Hivyo ni miongoni mwa vyuo ambavyo mwanafunzi wa Kenya asiye na karo huvitazama kwanza, kwa kuwa vina uwezo wa kumgharimia mwanafunzi anayekubaliwa. Kwa hiyo swali la jinsi ya kujiandaa limerudi mezani, na limerudi mtihani ukiwa na sura nyingine.

Mwanafunzi wetu haji kwenye SAT akiwa mtupu. Anakuja na mazoea ya miaka mingi ya mitihani ya Baraza la Mitihani la Kenya, na mazoea hayo yamemwingia mkononi na machoni. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, alizoea kuchora kistari cha penseli katikati ya kisanduku na kufanyia hesabu zake kando ya swali lenyewe. Katika KCSE, ule wa kumaliza sekondari, alizoea kueleza. Karatasi ya Hisabati ya KCSE humpa saa 2 na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na sehemu ya pili ina maswali 8 ambayo huchagua 5, kila moja likiwa na alama 10. Humo kila hatua ina alama yake, hata jibu la mwisho likipotoka. Mwalimu mzuri humfundisha mtoto kupitia karatasi yote kwanza, kuweka alama kwenye maswali aliyoyapenda, kuanza na yale rahisi, na kurudi kwa mengine hadi kengele ya mwisho. Vitabu vya mazoezi vinavyoandikwa Marekani havijui lolote kuhusu mazoea haya. Vinamshauri msomaji aachane na mazoea ya mtoto wa Marekani, na wetu akivifuata neno kwa neno anabaki na ya kwake yote, hakuna aliyeyagusa.

Nianze na usomaji, kwa sababu huko ndiko mpangilio ulikogeuzwa zaidi. Katika mtihani wa karatasi kulikuwa na vifungu virefu, vya maneno 500 hadi 750, na kila kimoja kilifuatwa na maswali 10 au 11. Sasa kifungu kina maneno kati ya 25 na 150, na kina swali moja tu. Skrini imegawanywa katikati: kifungu upande wa kushoto, swali na majibu manne upande wa kulia. Sehemu ya Kusoma na Kuandika imegawanywa katika vipande viwili viitwavyo moduli, na kila moduli ina maswali 27 kwa dakika 32. Mtahiniwa aliyelelewa na ufahamu wa KCSE amefundishwa kusoma kifungu polepole, akisome tena, ndipo ayatazame maswali. Ushauri huo unafaa sana pale ambapo kifungu kimoja kinabeba alama 15, kwa sababu muda uliotumika kukielewa unalipwa swali baada ya swali. Hapa muda huo unalipwa mara moja, kisha kifungu kinatoweka na kingine kinakuja, cha habari isiyohusiana nacho hata chembe: buibui wa msituni, shairi la karne ya 19, takwimu za biashara ya chumvi.

Ukipiga hesabu utaona kwamba mtahiniwa wa leo ana nafasi zaidi. Zamani usomaji ulitoa takriban sekunde 75 kwa swali na sarufi takriban 48, hivyo wastani wa pande zote mbili ulikuwa sekunde 62 au 63. Sasa wastani ni sekunde 71. Ajabu ni kwamba wanafunzi wangu karibu wote hulalamika kuwa wanakimbizwa. Nadhani wanachokihisi ni uchovu wa kuanza upya. Kuingia katika mada mpya mara 27 bila kupumua ni kazi ya aina yake, nayo haizoeleki kwa kusoma makala ndefu, hata ziwe nzuri namna gani. Kwa sababu hiyo nimeacha kuwapa vifungu vya aina moja kwa mkupuo. Nawapa vichache vilivyochanganywa makusudi, na kwa kila kimoja namtaka mwanafunzi afunike majibu kwa kiganja, asome swali kwanza, asome kifungu, kisha aseme kwa sentensi moja ya kwake anachotarajia kukiona katika majibu. Mwanzoni inachosha na inapoteza muda. Baada ya majuma machache jicho linakuwa limejifunza kuanzia kulia kabla ya kwenda kushoto, na hilo ndilo ninalolitaka.

Faida nyingine ya mpangilio huu, ambayo wengi hawaitumii, ni kwamba maswali yamepangwa kwa aina. Kila moduli ya Kusoma na Kuandika huanza na maswali ya msamiati na muundo wa kifungu, yakafuata ya habari na ushahidi, kisha sarufi na uakifishaji, na mwisho maneno ya kuunganisha mawazo pamoja na maswali ya madondoo. Mpangilio haubadiliki. Aliyeuzoea anajua akifika katikati ya moduli kwamba vifungu vya kufikirisha vinaelekea kuisha na sarufi iko karibu. Kwa mwanafunzi anayesoma polepole lakini aliye hodari wa sarufi, na shule zetu zinao wengi wa namna hiyo, namruhusu aanzie kwenye sarufi, amalize hadi mwisho, ndipo arudi mwanzo. Wapo walimu wenzangu wasiolipenda jambo hili, wanasema linamchanganya mtoto. Linamchanganya asipolifanyia mazoezi; akilifanyia, linamwokoa asiache maswali anayoyaweza yakiwa matupu dakika zinapokwisha.

Maswali ya madondoo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mtahiniwa hupewa orodha fupi ya hoja ambazo mwanafunzi fulani ameziandika katika utafiti, kisha anaelezwa lengo la mwanafunzi huyo, na anachagua sentensi inayolitimiza. Huwa natunga ya kwetu. Chukua madondoo haya: Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895, Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu barani Afrika, milima yote miwili ilitokana na volkeno. Lengo: mwanafunzi anataka kuonyesha jinsi milima hiyo inavyofanana. Jibu la kwanza linataja urefu wa milima yote miwili na nafasi ya Mlima Kenya barani. La pili linasema Kilimanjaro inaupita Mlima Kenya kwa karibu mita 700. La tatu linasema milima hiyo miwili, ijapokuwa inatofautiana kwa urefu, yote ni ya volkeno. La nne linaueleza Mlima Kenya peke yake.

Hakuna jibu la uongo hapo, na ndipo mtego ulipo. Mwanafunzi aliyepikwa na ufupisho wa Kiswahili, ambako kila hoja iliyoachwa ni alama iliyopotea, huenda moja kwa moja kwa jibu la kwanza kwa sababu limekusanya hoja nyingi. Simlaumu, amekuwa akituzwa kwa kufanya hivyo tangu darasani. Jibu sahihi ni la tatu, na mtu angeweza kulipata bila kusoma madondoo yenyewe, kwa kutazama tu neno la lengo na kutafuta sentensi inayozungumzia mfanano. Katika mazoezi ninawataka wasome lengo, walinong'one, wachague, na ndipo wayarudie madondoo kuhakikisha kwamba hakuna kilichopotoshwa. Ni swali la muda mfupi kuliko yote katika sehemu hiyo, na kwa kuwa limewekwa mwisho wa moduli, ndilo ambalo wengi hulifikia wakihema.

Kwenye Hisabati tatizo ni jingine. Hapo hakuna kifungu kirefu cha kuondolewa. Maswali ni 22 kwa dakika 35 katika kila moduli, takriban sekunde 95 kwa swali, na mada nyingi ni zile zile zilizofundishwa Kidato cha Pili na cha Tatu. Kilichohama ni mahali pa kuandikia. Kwenye kijitabu cha karatasi mtahiniwa alipigia mstari kile kinachotafutwa, akaandika kipimo kwenye mchoro wenyewe, akakata majibu yasiyofaa kwa kalamu. Sasa swali liko nyuma ya kioo na hesabu iko mezani, kwenye karatasi tupu anayopewa na msimamizi. Kila namba lazima isafiri kutoka juu kwenda chini, na njiani baadhi hupoteza alama ya kutoa, nyingine hugeuka, nyingine hubaki juu kabisa. Nimeona mwanafunzi wa alama A ya Hisabati akinakili pembetatu vizuri na kusahau kunakili pembe moja, kisha akahangaika na swali ambalo kwenye karatasi angelimaliza kwa kulitazama.

Dawa ninayoitumia ni ya kawaida mno, lakini inafanya kazi. Karatasi tupu inakunjwa ili ipate visanduku vinane, kila kisanduku kinapewa namba ya swali, na kitu cha kwanza kuandikwa ndani yake ni kile kinachoulizwa. Si x, bali 2x + 1, ikiwa ndicho kinachotafutwa. Kisha zinafuata namba zilizotolewa. Kwa mtoto wa KCSE kuna faraja hapa, kwa kuwa uandishi wa hatua alioufundishwa haupotei bure. Unachopoteza ni alama za hatua. SAT haimjali aliyeanza vizuri akamaliza vibaya. Wapo wanaokataa kuliamini hilo hadi waone matokeo ya mazoezi yao wenyewe, wanaendelea kupanga hatua tano zilizonyooka za swali ambalo majibu yake manne yangeweza kujaribiwa kwa kubadilisha namba.

Takriban robo ya maswali ya Hisabati hayana majibu ya kuchagua. Mtahiniwa anaandika lake kwa kibodi. Walimu wetu wamewafundisha watoto kwamba 7/2 ni jibu ambalo halijamalizika hadi liandikwe kama namba mchanganyiko, yaani 3 na nusu. Ukiliandika hivyo kwenye Bluebook, 3 kisha 1/2, linasomwa kuwa 31/2, na jibu sahihi limegeuka kosa. Iandikwe 7/2 au 3.5. Alama ya asilimia na koma ya maelfu haziingizwi. Jambo kama hili linafundishwa kwa dakika mbili, lakini mazoea ya miaka kumi hayang'oki kwa maelezo ya dakika mbili, kwa hivyo katika kila zoezi lazima mwanafunzi aandike angalau majibu machache kwa kibodi halisi, hata kama zoezi lenyewe limetoka kwenye kitabu.

Halafu kuna kikokotoo cha grafu cha Desmos, kilichomo ndani ya programu yenyewe na kinachoruhusiwa katika Hisabati yote, wakati mtihani wa karatasi ulikuwa na sehemu nzima isiyoruhusu kikokotoo cha aina yoyote. Kuhusu Desmos nina maoni yasiyopendwa sana. Video za mtandaoni zimewaaminisha vijana kwamba kila swali lina njia ya mkato humo. Tazama hili: mstari y = 4 unaigusa grafu ya y = 2x² − 8x + k katika nukta moja tu; k ni ngapi? Anayetumia Desmos ataandika milinganyo yote miwili, ataruhusu k iwe namba ya kuburuzwa, kisha ataiburura hadi mkunjo uuguse mstari, akikodolea macho skrini ili aone kama umeugusa au umeukata. Aliyesoma Hisabati yake vizuri atasema 2x² − 8x + k − 4 = 0, tofauti ya b² − 4ac lazima iwe sifuri, kwa hiyo 64 − 8(k − 4) = 0, na k ni 12. Amemaliza kabla mwenzake hajapata kitufe. Lakini mpe huyo huyo mstari na mkunjo wenye desimali nyingi, aulizwe vinakutana wapi, na Desmos itampa jibu kwa kubofya nukta ya makutano huku mkono ukiwa bado unatafuta kalamu.

Kwa hivyo kinachohitaji mazoezi ni uamuzi wa sekunde tano za kwanza: skrini au karatasi? Wanafunzi wetu wana mtaji ambao hawaujui. KCSE imewalazimisha kuchora grafu kwa mkono, kuanzia jedwali la thamani, uchaguzi wa kipimo, hadi mkunjo laini unaopita kwenye nukta zote, nao wanaelewa grafu inasema nini kuliko mtu aliyeiona daima ikichorwa na mashine. Huwa natoa maswali kumi na kuwataka wasitatue hata moja. Waandike tu D (Desmos) au K (karatasi) kando ya kila swali, kisha tujadiliane kwa nini. Majadiliano hayo huwa makali, na mara kadhaa mwanafunzi amenishinda kwa njia ambayo sikuwa nimeiwaza.

Sasa kuhusu moduli. Kila sehemu ina moduli mbili, na jinsi unavyofanya ya kwanza ndivyo programu inavyoamua kama ya pili itakuwa nyepesi au nzito. Anayeangukia ile nyepesi hawezi tena kufikia alama za juu kabisa, hata aipatie yote. Moduli ikifungwa haifunguliwi tena, na ukimaliza mapema unasubiri saa iishe. Hapa ndipo ule ushauri wa KCSE wa kupitia karatasi yote kwanza unapovunjika, kwa sababu hakuna karatasi yote ya kupitia; kuna nusu, na nusu ya pili haijachaguliwa bado. Ninachosisitiza ni uangalifu katika moduli ya kwanza, hasa kwenye maswali mepesi ambayo mtu huyafanya kwa dharau. Ndani ya moduli, uhuru wa kurudi upo: swali linaweza kuwekewa alama, na chini ya skrini kuna orodha ya namba inayoonyesha lililoachwa na lililowekewa alama.

Mchezo wa kubahatisha umepewa moduli ipi ni wa kuuacha kabisa. Mwanafunzi huja baada ya jaribio akisema, "Mwalimu, ile ya pili ilikuwa rahisi sana, nadhani nimeharibu," na tukifungua matokeo tunakuta alipewa ile nzito, ila alikuwa amejiandaa. Mwingine alikutana na swali la ajabu, akatumia dakika nne nalo, akavurugika. Katika kila moduli kuna maswali 2 ambayo hayahesabiwi, yamewekwa kwa majaribio ya mitihani ijayo, na hakuna njia ya kuyatambua. Huwa nawakumbusha hilo ili wajue kwamba swali moja gumu halistahili kuwalaza macho, wabahatishe, waweke alama, waendelee. Hakuna adhabu ya kukosea tangu mwaka 2016.

Hilo la adhabu linanileta kwenye vitabu vya zamani, kwa sababu Nairobi imejaa vitabu hivyo. Wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara za katikati mwa jiji wana SAT za kila enzi, na bei yake inavutia. Kitabu cha kabla ya 2016 kina majibu matano, kinahesabu alama hadi 2400 (kama ni cha kuanzia 2005), na kinamshauri msomaji aache swali likiwa tupu asipokuwa na hakika, kwa kuwa enzi hizo jibu la makosa lilikatwa robo alama. Ushauri huo leo ni sumu. Hata hivyo sivitupi. Vitabu vya kabla ya 2016 vina maswali ya kujaza neno kwenye sentensi, ambayo yaliondolewa mwaka huo, na maswali ya msamiati ya mtihani wa sasa yameirudia tabia ile ya pengo la kujazwa. Kwa msamiati, basi, kitabu kilichochakaa zaidi kinaweza kufaa kuliko cha 2018. Cha 2018 nacho kina vifungu virefu vilivyoandikwa vizuri: ninachukua aya moja, nabakiza swali moja linaloihusu, nayatupa yaliyobaki. Hisabati yake isiyo ya kikokotoo ni mazoezi mazuri ya aljebra kwa yeyote aliyeanza kuitegemea Desmos. Kwa ufupi, vitabu hivyo ninavitumia kama ghala la malighafi, nikifahamu kwamba mpangilio wake umepitwa na wakati. Ndivyo ilivyo pia kwa majaribio yanayopakuliwa na kuchapishwa saibani. Ya karatasi hayabadiliki kulingana na majibu yako, hivyo alama unazojipa humo hazikuambii sana utakavyofanya kwenye skrini.

Shida yetu kubwa kuliko zote ni mashine. Wanafunzi wengi wana simu, na kwa simu wanaweza kufanya mazoezi mazuri ya tovuti ya Khan Academy bila malipo. Bluebook haifunguki kwenye simu. Inataka kipakatalishi, iPad, au Chromebook inayosimamiwa na shule. Kwenye simu kifungu kiko juu na majibu yako chini, mtu anasogeza kwa kidole gumba, na macho yanajifunza kushuka. Kwenye kipakatalishi macho yanakwenda kushoto na kulia. Anayefanya mazoezi miezi mitatu kwa simu na kuazima kipakatalishi siku mbili kabla ya mtihani atakuwa anajua majibu lakini mkono wake utakuwa mgeni, hata kusogeza mshale kwa kidole kutamla muda. Kipanya kinaruhusiwa, na kwa aliyezoea tarakilishi za mezani za shuleni ni nafuu kubwa, akitafute mapema. Anayeazima kipakatalishi cha ofisi kutoka kwa shangazi au mjomba ahakikishe kwanza kwamba kinakubali kuwekwa programu mpya, maana vya ofisi vingi vimefungwa na msimamizi wa mitambo, na hilo lisigunduliwe usiku wa Ijumaa. Stima ikipotea au mtandao ukikatika katikati ya mtihani, kazi iliyofanywa imehifadhiwa na mtu anaendelea. Mtandao unahitajika hasa wakati wa kuanza na wa kuwasilisha. Betri ndiyo ya kuaminika, au isiwe ya kuaminika, na hilo linajulikana kwa kukiwasha na kukiacha bila waya kwa saa tatu.

Saa iliyo juu ya skrini inaweza kufichwa, na inarejea yenyewe zinapobaki dakika 5. Kuna wanaotulia wakiificha na kuna wanaohangaika zaidi. Kila mmoja aamue katika mazoezi, asije akaamua siku ya mtihani.

Mabadiliko ya namna hii hayajaikumba SAT peke yake. GRE, mtihani wa kuombea shahada za juu, ilifupishwa Septemba 2023 hadi chini ya saa 2, na LSAT, wa kuombea shule za sheria, iliondoa sehemu yake mashuhuri ya mafumbo ya mantiki Agosti 2024. Anayejiandaa kwa mtihani wowote kati ya hiyo, swali lake la kwanza kwa kitabu chochote anachouziwa liwe ni cha mwaka gani.

Kuhusu kusahihisha, nina njia moja ninayoishikilia. Daftari la makosa la kila mwanafunzi lina safu mbili. Ya kwanza ni ya kutojua: hakujua maana ya neno, hakukumbuka kanuni ya duara, hakuelewa nuktamkato inatumika vipi. Ya pili ni ya kutoona: alinakili vibaya, alisoma kifungu kabla ya lengo, aliandika namba mchanganyiko, alisahau swali aliloliwekea alama, alitumia Desmos pale ambapo kalamu ingetosha. Wanafunzi waliotoka kwenye vitabu vya karatasi mara nyingi huanza na safu ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, na wengi wao wamekuwa wakijiambia kwamba hawajui Hisabati. Majaribio kamili ya Bluebook ni machache, kwa hiyo siyatumii kupima safu ya kwanza. Hiyo inapimwa kwa kitabu, kwa simu, hata kwa ubao. Jaribio kamili linafanywa Jumamosi asubuhi, kwa mashine ile ile itakayobebwa siku yenyewe, watu wengine wakiwa chumbani wakigonga vibodi vyao, na tunalisahihisha kwa kutazama safu ya pili kwanza. Ikishapungua hadi kosa moja au mawili kwa mtihani mzima, tunaacha kuzungumza juu ya skrini na kurudi kwenye duara, uwezekano na msamiati, ambako kazi ingali nyingi.